Bahasha

Kazi yangu ni kufungua mifuko ya watu.
Si ya fedha. Ile myeusi ya plastiki
inayomwagwa usiku, taa za gari zimezimwa,
nyuma ya kiwanda cha boliti kilichokufa
huku mashariki ya Cleveland.

Jiji limenipa glavu, koleo la mkono mrefu,
kamera na kitabu cha faini.
Natafuta bahasha.
Mtu huficha uso, hufunika namba ya gari kwa tope,
kisha hutupa jina lake mwenyewe:
bili ya gesi, kadi ya daktari wa meno,
kichupa cha dawa ya presha.
Za mwizi arobaini,
na ya arobaini huwa bahasha.

Thaddeus, dereva wa lori, hutafuna soseji yake
akasema kila asubuhi: Taka haina mwenyewe.
Nami humjibu: Inaye, tena ana namba ya posta.

Ng'ambo ya uchochoro kikosi cha rangi
kinafuta maandishi ya jana.
Kijivu cha jiji hakijawahi kulingana na ukuta wowote,
basi kila jina lililofutwa limeacha mraba wake,
mraba juu ya mraba,
na usiku mwenye kopo atarudi kushukuru
kwa kutandikiwa ukurasa safi.
Juu ya nguzo kuna kamera mpya na bango: TUNAKUONA.
Bango nalo limechorwa miwani.

Leo rundo si la kawaida.
Mifuko hakuna. Kuna kochi la kahawia,
magodoro mawili, friji imelazwa ubavu,
mlangoni farasi wa kalamu ya nta
mwenye miguu mitano, bado ameshikwa na sumaku.
Nikavuta droo.
Soksi, zimekunjwa jozi kwa jozi.

Nani hukunja soksi za kutupa?

Bahasha nimezipata upesi mno, tatu,
zote za Ardelia Mabry, ghorofa ya chini, mlango wa nyuma.
Ushahidi umetimia. Dola elfu moja.
Kalamu ilikwisha andika A, r, d,
Thaddeus akaniita kwa mluzi
akanyoosha karatasi iliyogandia mguu wa kochi:
amri ya mahakama, mpangaji aondoke,
tarehe ya Ijumaa iliyopita.

Kochi halina miguu ya kutembea vitalu sita.
Farasi anayo mitano, lakini ni wa karatasi.
Waliolibeba walilipwa kwa saa
na kampuni ambayo jina lake ni herufi tatu
na makao yake ni sanduku la posta katika jimbo jingine.
Na kanuni yangu, ukurasa wa nne, inasema
jina likutwalo ndani ya taka ndilo lenye taka.
Mwenye nguvu mpishe; asiye nazo, mwandikie.

Nililichana lile jani.
Nikaandika jingine, kwa zile herufi tatu.
Kisanduku cha Maelezo kina nafasi ya mistari miwili.
Niliandika saba, nikapanda pembezoni,
nikamalizia nyuma ya karatasi:
droo, soksi, tarehe, farasi.

Kisha tulifanya kazi tuliyoajiriwa kufanya.
Taya la lori lilifunga, kochi likapiga ukelele wa mbao.
Saa nne kasorobo uchochoro ulikuwa safi,
nikaupiga picha: Kabla, Baada.
Msimamizi wetu, Bi Hrabak, hupenda sana Baada.

Najua itakavyokuwa.
Wiki tatu, na bahasha yangu itarejea
imegongwa mhuri mwekundu: HAPATIKANI.
Nitaiweka chini ya meza pamoja na nyenzake.
Sasa ni kumi na nne.
Mimi, niliyesomea taka,
sijui pa kuzitupa.